Mgeni wa Siku ya Tatu

Msikilizaji, leo naomba tuzungumze habari za wageni. Wahenga wetu wametuachia kauli mbili juu ya mgeni, na zote umezisikia tangu hujajua kusoma. Ya kwanza inamwita: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili inamwekea sharti: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimezibeba kauli hizi kichwani muda mrefu kwa sababu ya jambo linalofanyika katika shule za huku tuliko, Sydney, ambako mwanamuziki, mchoraji, mcheza ngoma au mshairi huitwa shuleni akakaa na wanafunzi na kufanya nao kazi. Watu hulipenda jambo hili, nami nalipenda sana. Lakini swali langu kila mara ni lile la wahenga: mgeni huyu anakaa mpaka siku ya ngapi?

Tuanze na mtaa mmoja wa huku. Ukipanda treni ya njia ya T8 kutoka katikati ya Sydney kwenda Campbelltown, ukishapita Glenfield kituo kinachofuata ni Macquarie Fields. Kutoka mjini ni kama kilomita 38, upande wa kusini-magharibi. Jina ni la Gavana Lachlan Macquarie, aliyeitawala koloni ya New South Wales kuanzia 1810 hadi 1821, na aliyelipa shamba lake jina hilo ni James Meehan, mpima ardhi, Muirishi aliyeletwa Australia akiwa mfungwa. Ardhi yenyewe ni ya Wadharawal, waliokuwa na nyimbo zao na michoro yao hapa maelfu ya miaka kabla ya gavana na mpima ardhi wake. Leo Meehan ana shule ya sekondari inayobeba jina lake, na katika mitaa ya upande huu wa jiji watoto wa Wasamoa, Watonga, Wamaori, Wabangladeshi, Waaborijini na wa kwetu Afrika wanaketi dawati moja.

Kwa Waaustralia wengi, hata hivyo, jina la Macquarie Fields lina habari moja tu. Usiku wa tarehe 25 Februari 2005, gari la wizi lililokuwa likifukuzwa na polisi liligonga mti, na vijana wawili waliokuwemo wakafa. Msiba ukageuka hasira. Kwa siku nne, usiku, vijana wa mtaa na polisi walikabiliana barabarani, mawe na chupa vikiruka, na kamera za televisheni zikapanga foleni. Kamera ziliondoka, lakini jina lilibaki na doa. Kijana wa Macquarie Fields akienda kuomba kazi akaulizwa anakoishi, alijua jibu lake litamfikia mwajiri likiwa limetanguliwa na picha.

Sitaki nikudanganye, msikilizaji, kwamba gitaa lingezuia mambo yale. Nyumba za serikali zilizojengwa kwa wingi miaka ya 1970, familia zenye shida moja zikawekwa pamoja mbali na kazi na mbali na mji, hilo halitibiwi na wimbo. Lakini angalia jambo moja. Katika siku zile nne, kila mtu alisema habari za vijana wale: waandishi, wanasiasa, wakubwa wa polisi. Vijana wenyewe tuliwasikia kwa mlio wa vioo. Mtu asiye na chombo cha kusemea husema kwa kile kilicho karibu na mkono wake.

Mwaka huohuo wa 2005, Campbelltown, mji mkuu wa halmashauri ambayo Macquarie Fields imo ndani yake, ulifungua kituo chake kipya cha sanaa, Campbelltown Arts Centre. Ni mahali pazuri, pameheshimika, na wasanii wakubwa wameonyesha kazi zao pale. Ni vituo vinne tu vya treni kutoka Macquarie Fields. Lakini vituo vinne kwa mtoto wa miaka tisa ambaye mama yake anaingia zamu ya ghala saa kumi jioni ni safari ya kwenda nchi nyingine. Nani atampeleka? Nani atamrudisha? Ndiyo maana nasema sanaa ikitaka kumfikia mtoto huyu, na iende aliko. Na kila siku ya kazi, aliko ni shuleni. Shule ndiyo nyumba pekee mtaani ambayo kila mtoto anaingia, wa tajiri na wa maskini, bila kuulizwa kiingilio.

Basi msanii aende shuleni. Hapo tunakubaliana. Sasa tuje kwenye jembe.

Mwaka mmoja nilialikwa katika shule moja ya msingi, ambayo sitaitaja, siku ya Harmony. Wewe unayeishi huku unaijua: tarehe 21 Machi, watoto huvaa rangi ya chungwa na shule husherehekea tamaduni zote zilizomo ndani yake. Shule ilikuwa imemkodi mpiga ngoma. Akaja na djembe kama thelathini ndani ya gari, akazipanga kwa duara ukumbini, akawafundisha watoto midundo mitatu, wakapiga, wakacheka, wakapigiwa makofi. Alikuwa mtu mkarimu na fundi wa kazi yake, sina neno baya juu yake. Aliwaambia watoto, hii ndiyo ngoma ya Afrika. Saa moja ikaisha, darasa likatoka, darasa jingine likaingia, akarudia maneno yaleyale. Ilipofika saa nane mchana amewapitia watoto wa shule nzima, akapakia ngoma zake akaondoka.

Karibu na mlango alikuwa ameketi mtoto wa Kirundi. Nilimtambua kwa salamu aliyonipa. Yeye djembe aliipiga kwa adabu kama alivyoonyeshwa, kwa viganja. Lakini walipoambiwa wapumzike, akatoa penseli mbili mfukoni akaanza kupiga juu ya paja lake, taratibu, macho yako mbali. Msikilizaji, ngoma za Burundi hupigwa kwa fimbo mbili. Ni ngoma zilizokuwa za mfalme, na mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mtoto yule alikuwa nazo mapajani, ndani ya ukumbi uleule uliokuwa ukisherehekea Afrika, na hakuna aliyemuuliza. Mpiga ngoma hakuwa na muda wa kumwona. Angemwonaje, ana watoto thelathini kwa saa moja na wengine thelathini wanasubiri mlangoni?

Tulipokuwa tunatoka, mtoto akamuuliza mwalimu wake, yule mjomba atarudi lini? Mwalimu akamwambia, mwakani, pengine.

Swali lile la mtoto limenikaa moyoni kuliko midundo yote ya siku ile.

Kwetu kazi hii haikufanywa hivyo. Mfikirie Bi Kidude, ambaye dunia nzima ilimjua kwa taarabu hadi alipofariki Aprili 2013. Wazanzibari walimjua pia kwa kazi nyingine, ya unyago. Alikuwa somo, na msondo ulikuwa kitabu chake. Sasa niambie, ni somo gani anayemfunda mwari kwa saa moja? Mwari hukaa ndani. Anaimbiwa neno leo asilielewe, anaimbiwa kesho akalishika kidogo, siku ya nne linamwingia. Somo humtazama mwari wake mpaka amjue anapoficha na anapoogopa. Na hata baada ya ndoa, somo bado ni somo wake. Huo ndio mfumo wetu wa msanii na mwanafunzi, na kipimo chake ni muda.

Na Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi pale Zanzibar, kilichoanza kazi mwaka 2002 katika jengo la zamani la Forodha, kilishika njia hiyohiyo kwa namna ya kisasa. Wazee wa taarabu walioshika udi, kanuni na fidla maisha yao yote waliketi na vijana, na wapigaji kutoka ng'ambo wakaja kufundisha na kujifunza. Mtu hapigi kanuni kwa kuhudhuria onyesho. Nyuzi zake ni sabini na kitu, na kuzitega tu kabla ya wimbo ni somo la miezi. Mgeni aliyekuja pale kwa wiki mbili alikwenda na picha. Aliyekaa mwaka aliacha wanafunzi.

Bagamoyo nako ni hivyohivyo. Serikali ya Tanzania ilipoanzisha Chuo cha Sanaa mwaka 1981, mmoja wa nguzo zake alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, fundi wa ilimba na zeze, mwenye sauti iliyopanda na kushuka kama ndege. Alizunguka dunia, akarekodi Uingereza, akasifiwa na wakubwa. Alifariki Desemba 2003. Lakini jambo linalonifurahisha zaidi katika habari yake ni kwamba alikaa. Alijenga nyumba yake Bagamoyo, akawajaza watoto, wapwa na wajukuu, wakakua ndani ya mlio wa ilimba. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, Maisha, wao wenyewe wakiwa mbele. Miaka ishirini baada ya fundi kuzikwa! Hilo ndilo jembe ninalolisema.

Nisije nikaonekana nasifia nyumbani tu. Nyumbani nako tunakosea. Kenya ina tamasha la muziki tangu mwaka 1927, na watoto wengi wa Kenya wamepanda jukwaa mara ya kwanza kwa sababu yake. Lakini unajua, msikilizaji wa Kenya, jinsi shule nyingi zinavyomkodi mkufunzi wa nje tamasha linapokaribia, akawachuja wanafunzi thelathini wenye sauti, akawapigisha mazoezi mpaka usiku, kombe likaja, likawekwa katika kabati la mwalimu mkuu, naye mkufunzi akaenda zake. Wanafunzi wale wengine mia tisa walipata nini? Walipata kupiga makofi.

Ila kuna mara moja ambapo mgeni wa namna hiyo aliacha kitu kikubwa, na sitaweza kuipita. Ni Aprili 2025, shule ya wasichana ya Butere. Wasichana wale walikuwa wamefanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza, Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega, mtu ambaye mwaka 2013 aliwaandikia Butere mchezo mwingine uliozuiwa mpaka mahakama ikaamua uonyeshwe. Na huu nao, unaowahusu vijana na watawala wao, ukawekewa vizuizi. Mahakama Kuu ikaamuru wasichana waruhusiwe. Walipofika kwenye tamasha la taifa la maigizo, Nakuru, Malala alikuwa ameshakamatwa na polisi. Mwelekezi wao hayupo. Nje polisi wanawatawanya watu kwa mabomu ya machozi. Wasichana wakasimama, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka.

Sema utakavyo juu ya siasa za Malala, kila mtu ana maoni yake na sitaki tugombane. Mimi natazama wale wasichana. Mgeni wao hakuwapo kuwaambia la kufanya. Hakukuwa na taa, wala vyombo, wala mtu wa kuwahesabia moja, mbili, tatu. Na bado walijua kusimama, walijua nini cha kuimba, walijua lini watoke. Waigizaji wenye uzoefu wa miaka wangeweza kupotea pale. Wao hawakupotea. Mgeni akiondoka, hata akiondolewa kwa nguvu, na wanafunzi wakabaki na uwezo wao mikononi, huyo hakuja bure.

Sasa turudi Sydney, maana hapa kuna watu waliojaribu kulipima jambo hili kwa hesabu. Iko taasisi iitwayo The Song Room, iliyozaliwa Melbourne mwaka 1999. Kazi yake ni kuwapeleka wasanii katika shule za mitaa yenye shida, na kanuni yake ni kwamba msanii anarudi kila wiki. Mwaka 2011 watafiti walioongozwa na Brian Caldwell na Tanya Vaughan walitazama shule 10 za magharibi na kusini-magharibi mwa Sydney, upande wetu huu, na wanafunzi 370 wa darasa la tano na la sita. Wakawagawa mafungu matatu. Kuna waliokuwa na msanii kwa mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu, kuna waliokuwa naye kwa kama miezi sita, na kuna shule zinazofanana nazo ambazo hazikuwa na msanii kabisa. Waliokaa na msanii walisoma vizuri zaidi katika mitihani ya taifa ya NAPLAN, walihudhuria shule zaidi, na walikuwa na utulivu zaidi wa moyo. Mwaka uliofuata watafiti hao wakaandika kitabu kizima juu yake.

Tuusome utafiti huu kwa utulivu. Shule kumi si nyingi, na kazi yenyewe ilifanywa kwa ajili ya taasisi iliyokuwa ikipimwa. Lakini mimi nikiusoma, kinachonivuta ni yale mafungu matatu. Ni kama watafiti walijua, kabla hawajaanza, kwamba hakuna haja ya kumpima mgeni wa siku moja. Hawakumwekea hata fungu lake.

Sasa, kwa nini shule nyingi bado zinamwita mgeni wa siku moja? Sitaki kuwalaumu walimu. Mwalimu wa shule ya msingi New South Wales hufundisha karibu kila kitu: kusoma, hesabu, sayansi, historia, na muziki pia. Chuoni muziki aliupata kwa saa chache mno. Mwaka 2024 kamati ya Bunge la jimbo ilikaa kusikiliza habari za elimu ya sanaa na muziki, na walimu na wanamuziki wakaenda kueleza hali hiyo. Mwalimu wa namna hiyo anaogopa kuimba mbele ya darasa lake. Akija mgeni mwenye ngoma thelathini anashukuru, anakaa nyuma, anasahihisha madaftari. Na shule inalipa kwa siku, kwa hiyo inataka kila mtoto aonje. Mwisho wa siku wote wameonja na hakuna aliyeshiba.

Pesa nazo ni kigeugeu. Mwaka 2019 jimbo lilianza kumpa kila mtoto wa shule vocha ya dola 100 kwa mwaka kwa ajili ya masomo ya sanaa nje ya saa za shule. Baadaye ikawa ni vocha mbili za dola 50, na sasa ni kwa familia zinazopata msaada wa serikali tu. Ni afadhali kuliko kukosa kabisa, na wazazi wa Macquarie Fields walio na haki hiyo wasiiache. Lakini vocha humsaidia mtoto ambaye tayari ana wa kumpeleka. Tumeshasema habari za vituo vinne vya treni.

Kwa hiyo ombi langu kwa shule ni moja. Chukueni pesa za ile siku moja kubwa, mzigawanye kwa wiki kumi. Msanii mmoja, darasa moja, saa moja kwa wiki, muhula mzima. Na mwalimu wa darasa asikae nyuma na madaftari. Akae ndani ya duara, apige, akosee mbele ya watoto wake, maana msanii akiondoka ni yeye atakayebaki. Najua mtaniuliza, na madarasa mengine? Yatafikiwa muhula ujao, na ujao wake, na safari hii kwa mkono wa mwalimu ambaye sasa anajua midundo mitatu na haogopi wa nne. Ndivyo ilivyokuwa Korogocho, Nairobi, kando ya jaa la Dandora, ambako Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics mwaka 2008. Mwanzoni walimu walitoka nje ya mtaa. Leo baadhi ya wanaofundisha fidla na tarumbeta pale ni watoto wa Korogocho waliojifunza humohumo. Mwaka wa kwanza hawakuwa wengi.

Na wewe, msanii wa Kiswahili unayenisikiliza? Nakujua. Uko Blacktown, uko Auburn, uko Campbelltown. Wiki unafanya kazi ghalani au hospitalini, Jumamosi unapiga harusini, Jumapili unapiga kanisani, au unasoma kaswida na vijana wa madrasa. Ulikuja na rumba ya Bukavu, au na ngoma za Burundi, au na taarabu ya Mombasa uliyoirithi kwa mjomba. Unalalamika kwamba shule za huku zinafundisha Afrika moja ya kubuni, yenye ngoma moja na nguo moja. Lalamiko lako ni la kweli. Basi ingia mlangoni.

Nikushauri kama nilivyoona kwa macho yangu. Usiende na kila kitu. Chukua kitu kimoja kinachojengeka. Mimi napenda kidumbaki cha Unguja kwa kazi hii, kwa sababu vyombo vyake si vya duka: fidla unaweza kuazima, vidumbaki viwili ni vidogo, mkwasa ni vijiti, cherewa ni punje ndani ya vifuu vya nazi, na lile sanduku lenye mti na uzi mmoja linalotoa sauti ya besi, watoto wanaweza kuliunda wenyewe kwa mbao za kreti. Wiki ya kwanza na ya pili wanaunda vyombo. Wiki ya tatu wanatafuta mdundo. Wiki ya tano wameanza kugombana juu ya maneno ya wimbo wao wenyewe, na hapo ndipo kazi halisi inapoanza, kwa sababu sasa wana jambo wanalotaka kusema. Wimbo ukiwa juu ya basi linalochelewa kila asubuhi, uache uwe juu ya basi. Ukiwa juu ya usiku ule wa 2005 ambao wakubwa wao wanausimulia, usiwanyamazishe. Mwambie mwalimu mapema, mketi pamoja, muwasikilize.

Na wa Macquarie Fields watakuletea vitu usivyovijua. Mtoto wa Kisamoa ataimba sauti ya pili bila kufundishwa, maana kwao kanisani hakuna anayeimba peke yake. Mtoto wa Kibangladeshi ataisikia fidla yako akakuambia mlio huo upo kwa babu yake. Mtoto wa Kirundi atatoa penseli zake mbili. Wewe utakuwa umekaa muda wa kutosha kumwona.

Mambo ya karatasi sasa, na shika kalamu. Utahitaji namba ya biashara, yaani ABN, kama utalipwa kama mtu unayejitegemea, na shule nyingi zitakuuliza bima ya dhima kwa umma. Mwaka wa shule una mihula minne, kila mmoja wiki kama kumi. Andika barua fupi kwa mwalimu mkuu kabla muhula haujaanza, umwambie utakuja mara ngapi na utaacha nini. Usianze kwa kusifia utamaduni wako. Anza kwa kusema, nataka darasa moja kwa wiki kumi.

Na kabla ya yote, omba kibali cha kufanya kazi na watoto, maana bila hicho New South Wales hutaruhusiwa kufanya kazi hii, hata uwe fundi wa namna gani. Fomu ipo mtandaoni, kitambulisho unaweza kukipeleka ofisi ya Service NSW iliyo karibu nawe. Kwa anayejitolea hakina malipo, na kikitoka kinadumu miaka mitano. Anza nacho kesho asubuhi.